Nilivyomdhamini Mwana wa Shangazi

Sijamsamehe. Nalisema mapema ili anayetafuta habari za ndugu waliokosana wakakumbatiana asipoteze wakati wake hapa. Mimi ni fundi wa nguo, nimeshona sare za shule hapa Voi zaidi ya miaka ishirini, na nimezoea kusema kipimo kilivyo hata kama mwenye mwili hapendi kukisikia. Mwana wa shangazi yangu aliiacha nyumba ya mama yangu ikielekea kwenye mnada, kisha akaenda zake kumwagilia nyanya. Hadi leo nikimkumbuka naharibu mshono.

Balaa lote lilianzia kwenye karatasi. Kwetu milimani watu wengi wanalima mashamba yasiyo na hati. Una kipande huku juu kwenye baridi, una kingine kule chini kwenye joto, na mpaka ni mstari wa mimea ambao kila jirani anaujua na hakuna aliyeuandika popote. Baba yangu alikuwa mbishi. Alikwenda ofisi ya ardhi miaka na miaka, faili lake ndani ya mfuko wa nailoni, akazungushwa, akaambiwa arudi kesho, akarudi kesho, mpaka siku moja akapewa hati. Mimi ndimi mtoto wake wa pekee. Alipofariki hati ikaja kwa jina langu, na mama akabaki kwenye nyumba ile ya matofali juu kidogo ya chemchemi, akipanda maharagwe na kunitumia maparachichi kwa kila anayeshuka Voi.

Wenye hati wananielewa. Hati ikiwa moja katika ukoo mzima inakuwa kama sufuria kubwa ya kijiji, kila mwenye shughuli huja kuiazima. Mtu akikamatwa na makaa, hati. Mtu akigonga mtu kwa pikipiki, hati. Kabla ya haya ninayoyasimulia nilikuwa nimekataa mara mbili, mara moja kwa shemeji yangu na mara nyingine kwa mzee wa kanisa aliyekuja na Biblia kwapani. Wote wawili walinuna, na sikujali.

Halafu akakamatwa huyu binamu. Alikuwa mchunga ng'ombe kwenye ranchi moja upande wa Ndara. Ng'ombe wanne walipotea, ikasemekana wamepakiwa kwenye lori, na yeye ndiye aliyekuwa zamu. Mahakamani alikana mashtaka, na hakimu akampa bondi ya laki tano na mdhamini mmoja. Mdhamini hakupatikana. Akakaa rumande wiki tatu.

Jumamosi moja asubuhi shangazi akaja dukani kwangu. Huyu ni dada ya baba, mwanamke mwembamba ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka chupa ya maji karibu na miguu yake, akanitazama nikimaliza kola ya shati.

"Mwanangu yuko ndani," akasema.

"Nimesikia, shangazi. Pole sana."

"Unajua kwa nini yuko ndani?"

"Si ni kwa ajili ya wale ng'ombe?"

"Ni kwa ajili ya moyo wako," akasema kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya vifungo.

Sikushangaa. Nilijua anakoelekea. Siku tuliyomzika baba, kabla hata watu hawajanawa mikono wale, mwanawe alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba msichana aliyeolewa Voi hawezi kuachiwa ardhi ya milimani, nitoe hati niwape wanaume wa ukoo. Na yeye mwenyewe ni wa ukoo mwingine, wa baba yake! Watu walitazama chini. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya mama, na sikujibu neno, na tangu siku hiyo sikuwahi kuketi chumba kimoja na yeye.

Sasa kwetu Wataita, ukiwa na hasira na ndugu yako ukaifungia moyoni, kisha ndugu huyo akapatwa na jambo, hakuna anayeuliza habari za ng'ombe. Wanakuuliza wewe. Na dawa yake ni kutasa. Unatia maji kinywani, zamani ilikuwa pombe ya miwa, unayatema kwa kuyapuliza, na unasema kwamba kama kuna hasira ndani yako itoke na yule mtu awe salama. Mchungaji wetu hapendi kusikia mambo hayo. Mimi mwenyewe naimba kwaya ya akina mama na ninakaa mstari wa mbele. Lakini ukiletewa maji na dada ya baba yako, mwenye umri ule, ukakataa, basi umekiri mbele ya watu wote kwamba unamtakia mwanawe mabaya.

Nikachukua chupa. Mteja alikuwepo, mama mmoja aliyeleta mapacha wapimwe, akajifanya anatazama vitambaa. Nikatia maji kinywani, nikayatema kwenye sakafu ya saruji kando ya cherehani, nikasema maneno. Moyoni haikutoka hata tone. Hasira ilikuwa imekaa palepale, imekunja miguu.

Shangazi alifunga kifuniko cha chupa taratibu. "Asante, mwana wa kaka yangu. Sasa kama haipo tena, nipe ile title ya kaka yangu tukamtoe mtoto."

Hapo ndipo nilipoelewa nimeingizwa wapi. Ningekataa ningejibu nini? Nimetoka kutema maji mbele ya mashahidi. Nilidhamini mtu niliyemchukia ili nionyeshe kwamba simchukii. Ujinga wa namna hiyo sidhani kama unapatikana mahali pengine nje ya milima yetu.

Kumdhamini mtu si kazi ya siku moja. Kwanza rekodi ya shamba inakaguliwa ofisi ya ardhi, ijulikane kama ni lako kweli na kama hujalikopea benki. Kisha anakuja mthamini anaandika shamba lina thamani gani. Yule wa kwetu alizunguka na mama yangu nyuma yake akimwonyesha mibuni mikuukuu aliyoipanda baba. Kisha barua ya chifu, kitambulisho, picha ndogo, na kiapo mbele ya wakili kwamba mali uliyotaja ni yako. Mwisho unapandishwa mbele ya hakimu, na hakimu anakuuliza mwenyewe, macho kwa macho.

"Unamfahamu mshtakiwa?"

"Namfahamu. Ni mwana wa shangazi yangu."

"Unaelewa kwamba akikosa kufika hapa, wewe ndiye utakayemleta au utalipa hizo laki tano?"

"Naelewa."

Binamu alikuwa kizimbani hatua tano kutoka niliposimama, anatazama dirisha. Karani wa mahakama, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipokea hati ya baba yangu akaibana kwenye faili kwa stepla. Nilipokuwa natia sahihi akainama kidogo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, sikiliza. Ukiona huyu mtu haeleweki, njoo mapema uombe kujitoa. Sheria inakuruhusu. Hakimu ataagiza akamatwe, akifikishwa hapa wewe unarudishiwa title yako, na yeye atatafuta mdhamini mwingine au arudi rumande. Lakini njoo kabla hajatoroka."

Nikamwambia asante. Nje binamu akanikuta nikifunga mkoba, amenyoosha mkono wa kunisalimia. "Umeona, dada?" akasema. "Kumbe karatasi ya mjomba ina kazi."

Sikuupokea ule mkono. Yeye alicheka.

Kesi ilipotajwa mara ya kwanza alikuja, na mara ya pili, na ya tatu. Kila mara nilifunga duka nikaenda kuketi kwenye lile benchi la nje nione kwa macho yangu akiingia. Mara ya nne alichelewa saa nzima. Baada ya hapo nikaanza kusikia vitu. Ameuza mbuzi zake. Mkewe haonekani sokoni. Binti yao, ambaye nimemshonea sare tangu chekechea, hayuko shuleni. Mtu mwenye akili angekwenda kwa yule karani asubuhi yake. Mimi nilifika mpaka kwenye geti la mahakama, nikageuka. Niliwaza nikijitoa watasema, aah, tulijua, yale maji aliyatema kwa mdomo tu. Nikarudi dukani nikashona magauni sita bila kula.

Mara ya tano jina lake likaitwa mara tatu kwenye korido na hakuna aliyeitika. Hakimu akatoa waranti akamatwe. Wiki mbili baadaye nikaletewa wito nije nijieleze kwa nini dhamana ile isichukuliwe na serikali. Nilivaa nguo ya kanisani. Nilieleza kwamba sijui aliko. Hakimu akaandika, akasema ananipa siku thelathini kumleta.

"Na nisipompata?" nilimuuliza karani baadaye.

"Utalipa laki tano. Usipolipa, shamba linakamatwa linauzwa. Na pesa zisipotimia unaweza kufungwa wewe, mpaka miezi sita."

"Mimi? Mimi niliiba ng'ombe?"

"Hapana, mama. Wewe uliweka neno," akasema, na alisema kwa huruma, lakini nilitamani kumrushia mkoba.

Nilipanda kwa mama kumwambia. Alikuwa anachagua mbegu kwenye ungo. Nilieleza yote, sheria na siku na mnada, na yeye akaendelea kutoa mawe madogo kwenye maharagwe. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu. "Hizo siku zinaisha lini? Nataka kujua kama nipande."

Nilitoka nje nikasimama juu ya chemchemi, nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Naomba nieleweke hapo.

Kituoni askari mwenye faili aliniambia nikimwona niwapigie. Mwanangu alinipigia kutoka Nairobi akaanza mzaha. "Mathe, kwa movie za majuu kuna majamaa kazi yao ni hiyo tu. Kampuni inakulipia bond, ukihepa wanakutumia jitu na pingu linakuvunjia mlango." Nikamwambia huku hakuna kampuni ya kuuza dhamana, jitu ni mama yake, na pingu sina. Hata hivyo siku tatu baadaye jitu lilijileta lenyewe: mzee mmoja aliyewahi kuwa askari, akaniambia kwa ujira atanitafutia mtu wangu na kumleta akiwa amefungwa kwenye buti la gari. Nakiri nilimkaribisha chai. Akilini nilimwona binamu kwenye lile buti, amekunjika, na nikafurahi. Lakini nilimuuliza karani kwanza, naye akavua miwani kabisa. "Mama, usithubutu. Sheria haikupi wewe wala yule mzee ruhusa ya kumvunjia mtu mlango na kumfunga kamba. Mtashtakiwa kwa utekaji nyara, na yeye atakuwa mlalamishi. Ukijua aliko, njoo nikupe nakala ya waranti yenye muhuri, uwapelekee askari wa huko. Wao ndio wamshike."

Ukijua aliko. Nilimwendea shangazi mara mbili. Mara zote mbili alinikaribisha uji, akaniambia mwanawe hajapiga simu. Nilimtazama usoni nikaona anadanganya na hana hata haya. Siku kumi na nne zilikuwa zimeshaondoka.

Siku ya kumi na tisa akaja dukani, amebeba kipande cha karatasi ya daftari.

"Nataka gauni la shule," akasema. "La mjukuu wa jirani. Jirani hana uwezo, nimemwambia nitakuomba wewe."

Nilidhani nitapasuka. Nyumba ya wifi yake inakwenda mnadani, na yeye anakuja kuomba gauni la bure! Nikanyoosha mkono kwa karatasi bila kusema kitu, kwa sababu ningefungua mdomo ningemtukana, na dada ya baba hatukanwi. Vipimo vilikuwa vimeandikwa kwa penseli.

"Rangi gani?"

"Damu ya mzee. Kola ya manjano. Na bega la kushoto ulishushe kidogo, mtoto halingani."

Mkasi ulikuwa mkononi. Nikauweka chini. Katika Voi nzima namshonea mtoto mmoja tu ambaye bega lake la kushoto linashushwa. Binti ya binamu alianguka akiwa na miaka mitano akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, ukaunga vibaya, na kila Januari natoa nusu inchi pale. Na rangi za shule ndiyo kazi yangu, nazijua zote kuanzia hapa mpaka mpakani. Damu ya mzee na kola ya manjano kuna shule moja tu, iko Mahoo, upande wa Taveta. Niliwahi kuomba zabuni yao wakampa fundi mwingine.

"Litakuwa tayari kesho, shangazi," nikasema.

"Nitamtuma mtu alichukue."

"Nitalifikisha mwenyewe."

Alinitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa gauni. Kisha akachukua mkongojo wake akaondoka. Nikamwona ni mzee mpumbavu, na nikafurahi kwamba ni mpumbavu. Nililishona lile gauni kwa mkono mzuri kuliko magauni yote niliyowahi kushona.

Keshoye asubuhi nilikuwa kwa karani nikachukua nakala ya waranti, na kabla ya saa sita nilikuwa Bomeni, mjini Taveta, naulizia kituo cha polisi. Askari wawili, mmoja wao mwanamke, walisoma karatasi mpaka chini, wakapiga simu kuthibitisha, wakakubali kuja nami. Walibaki kwenye kibanda cha soda. Mimi nikasimama getini mwa shule wakati wa watoto wadogo kutoka kwenda chakula cha mchana.

Binti ya binamu aliniona kabla sijamwona. "Shangazi!" akapiga kelele, akaja mbio, bado amevaa sare yangu ya zamani ya buluu iliyopauka, ya shule ya Voi, peke yake katikati ya wenzake wote wenye kola za manjano. Nilimvisha lile jipya juu ya lile la zamani palepale getini. Bega lilikaa sawasawa. Akazunguka nimwone.

"Baba yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko kwa mfereji, ni zamu yetu ya maji. Nikupeleke?"

"Nipeleke."

Katika haya yote hilo ndilo ninaloona haya nalo. Alinishika mkono. Alinionyesha nyumba wanayopanga na mbwa wa jirani anayeuma, na nyuma yetu askari wanakuja polepole, na mimi najua, na yeye hajui.

Binamu alikuwa amesimama ndani ya mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini, anaelekeza maji kwenye nyanya kwa jembe. Amenenepa. Hilo liliniuma kupita maelezo, kwamba mimi nimekonda na yeye amenenepa. Aliniona mimi, akamwona mtoto, akaliona gauni, na uso wake ukabadilika.

"Ni mama," akasema. "Mama amekwambia."

"Mama yako hajaniambia kitu."

Ndipo akawaona askari. "Dada," akasema, "wewe ulitema maji. Ulisema huna neno na mimi. Mimi nilikwenda nikijua huna neno."

"Nilisema hivyo."

"Sasa hii ni nini?"

"Hii ni hasira," nikamwambia. "Ndiyo hiyo yenyewe."

Angeweza kukimbia. Mpaka wa Tanzania hauko mbali na pale, na alikuwa na miguu kuliko wale askari wawili. Nilimwona akipima. Kisha akamtazama binti yake ambaye alikuwa ameanza kulishika gauni kwa mikono miwili, akalaza jembe kando ya mfereji, akatoka majini. Yule askari mwanamke aliniambia nimwondoe mtoto. Mtoto hakukubali kunishika mkono tena. Alirudi nyumbani mbele yangu, peke yake.

Mahakamani mambo yalikwisha kwa dakika chache. Hakimu alifuta bondi yake, akaamuru arudishwe rumande, akasema mdhamini ameachiliwa na hati yake arudishiwe. Karani aliing'oa kwenye faili kwa ncha ya kalamu, pini moja moja. Imebaki na matundu manne pembeni. Nilimpigia mama nikiwa bado kwenye ngazi.

"Panda," nikamwambia.

"Nilishapanda," akasema. "Nilipanda wiki ile ile uliyokuja. Ningengojea nini?"

Nilidhani hasira itaondoka siku hiyo. Haikuondoka. Ukoo uligawanyika, nusu wakasema nimefanya vyema, nusu wakasema ndugu hamkamatishi ndugu mbele ya mtoto wake. Hao nusu ya pili hakuna hata mmoja aliyejitokeza na hati siku zile thelathini. Nilipokutana nao kwenye harusi moja ya ukoo niliwaambia hivyo, nikapewa kiti karibu na mlango.

Mwezi uliopita shangazi alikuja tena. Amezeeka sana. Aliketi kwenye benchi lile lile akaweka chupa ya maji miguuni, na nilipoiona nikaisimamisha cherehani.

"Mwanangu anaumwa huko ndani," akasema. "Ni kifua. Na hukumu inasomwa wiki ijayo."

"Pole, shangazi."

"Nimetoka kwa mama yako. Haya maji nimeyachota kwenye chemchemi yenu. Nimemuomba, akanipa."

"Shangazi, usiniombe hilo."

Aliinua ile chupa akaishika mapajani. Kisha akasema, "Ile siku ya gauni. Ulidhani mimi ni mjinga?"

Niliweka kitambaa chini.

"Mimi nimekujua tangu ukiwa unashona nguo za wanasesere. Unazijua rangi zote. Unalijua lile bega. Mdomo wangu usingeweza kumtaja mwanangu, mama gani anamtaja? Lakini mama yako alikuja kwangu akaniuliza kama apande maharagwe. Sikuweza kulala. Nikaja kwako na bega."

Nilimtazama. Huyu ndiye niliyemwita mpumbavu moyoni mwaka mzima, na alikuwa amemtoa mwanawe ili nyumba ya mama yangu ibaki, na akabeba kimya chake peke yake huku wengine katika ukoo wakimlaumu kwa kuropoka na wengine wakinilaumu mimi. Niliona aibu, aibu kubwa. Nilitaka kumpa alichokuja kutafuta. Nilijipekua ndani nikitumaini hasira imesogea hata kidogo, angalau kwa ajili yake. Nikamwona binamu mbele ya waombolezaji siku ya maziko ya baba. Nikamwona kwenye mfereji, amenenepa. Hasira ilikuwa palepale.

Nikachukua chupa kutoka mapajani mwake. Nikatia maji kinywani. Yalikuwa bado na ubaridi wa kwetu. Shangazi akasimama kwa shida, akavua kitambaa cha kichwa, akainama apokee maji kwa niaba ya mwanawe. Mara ya kwanza nilitema uongo, na uongo ule ndio uliotufikisha sote hapa, yeye na mimi na mama na yule mtoto na gauni lake. Sikuwa na uongo mwingine wa kumpa mwanamke huyu.

Nikayameza. Shangazi aliendelea kuinamisha kichwa, akisubiri.